Sikio Hutangulia Jicho: Jinsi Nyumba Inavyomwandaa Mtoto Kusoma

Mtoto anapoandikishwa shule kandokando ya Ziwa Victoria, iwe ni Magu, Sengerema au Ukerewe, watu wazima husema kwamba sasa ndipo anapoanza kujifunza kusoma. Kwa upande wa herufi kauli hiyo ni ya kweli. Kwa upande wa lugha imechelewa kwa miaka mingi, kwa maana sikio la mtoto huyo limekuwa darasani tangu kabla hajazaliwa, na walimu wake wamekuwa mama, baba, bibi, kaka na dada.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: kwamba kusoma, kabla hakujawa kazi ya jicho, ni kazi ya sikio na ulimi; na kwamba kazi hiyo hufanyika nyumbani, kwa lugha yoyote inayosemwa humo, hata na mzazi asiyejua herufi moja. Jambo hilo si dogo. Uchunguzi wa Uwezo uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni kiasi cha mwanafunzi 1 tu kati ya 3 wa darasa la tatu aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto asiyeweza kusoma hushindwa pia katika hesabu, jiografia na sayansi, kwa kuwa masomo hayo yote humfikia kwa njia ya maandishi. Basi yatupasa kuuliza: ni kitu gani kinachopungua, nacho kinaweza kujazwa wapi?

SIKIO LA MTOTO MCHANGA

Katika miezi 3 ya mwisho ya mimba mtoto husikia. Mwaka 1980 wanasayansi Anthony DeCasper na William Fifer wa Marekani walitoa taarifa ya jaribio la kustaajabisha. Waliwapa watoto wa siku chache tu chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine ya kupiga kanda za sauti. Watoto hao walibadili namna yao ya kunyonya ili wasikie sauti ya mama yao wenyewe badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Bila shaka walikuwa wameizoea sauti hiyo tangu tumboni.

Sikio la mtoto mchanga halichagui lugha. Linaweza kutambua tofauti za sauti zinazotumika katika lugha nyingi za dunia, hata zile ambazo wazazi wake hawawezi kuzitamka. Lakini uwezo huo haudumu. Patricia Kuhl na wenzake walieleza mwaka 2006 jinsi walivyowalinganisha watoto wa Kijapani na wa Kimarekani katika kutambua sauti za l na r. Lugha ya Kijapani haitenganishi sauti hizo mbili. Katika umri wa miezi 6 hadi 8 watoto wa makundi yote mawili walikuwa karibu sawa. Walipofika miezi 10 hadi 12, watoto wa Kimarekani walikuwa wameongeza uwezo wao, na wale wa Kijapani walikuwa wamepungukiwa. Sikio lilikuwa limekwisha kujipanga kufuata lugha ya nyumbani.

KALAMU NA KARAMU

Habari hiyo ya Ujapani inatuhusu sana sisi watu wa Mwanza. Kisukuma, ambacho ndicho lugha ya kwanza ya watoto wengi wa mkoa huu, hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma peke yake huingia darasani na kukuta kwamba «kalamu» ni kitu cha kuandikia na «karamu» ni shughuli ya kula na kunywa. Kwamba «kula» hufanyika mezani na «kura» hupigwa katika uchaguzi. Kwamba «mahali» si «mahari». Anapoandika neno moja badala ya jingine, aghalabu huambiwa kuwa ni mzembe au kwamba ana ulimi mzito. Ukweli ni kwamba hana kasoro ya ulimi wala ya akili. Sikio lake lilifanya kazi yake sawasawa: lilijifunza kikamilifu lugha lililopewa.

Tena, upungufu huo una upande wake wa pili ambao hausemwi. Kiswahili kina irabu 5. Kisukuma kina irabu 7, na tena hutofautisha irabu fupi na ndefu. Kwa hiyo mtoto wa Kisukuma, akiwa bado hajui herufi hata moja, sikio lake limekwisha kuzoea kupambanua irabu nyingi kuliko zile atakazoandikiwa ubaoni. Mwalimu anayelijua jambo hili hataanza na adhabu. Ataanza na mchezo: kalamu mkono wa kushoto, picha ya karamu mkono wa kulia, na mtoto aonyeshe kile kilichotajwa. Sikio la mtoto mdogo bado ni jepesi kufundishika, nalo hufundishika upesi zaidi penye furaha.

VIPANDE VYA NENO

Maandishi ya Kiswahili yamejengwa kwa utaratibu mzuri. Karibu kila herufi ina sauti yake moja, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Ndiyo maana mbinu ya «ba, be, bi, bo, bu» imedumu katika madarasa yetu kwa miaka mingi. Lakini ili mbinu hiyo imfae mtoto, lazima kwanza awe anatambua kwamba neno linaweza kukatwa vipande. Kwa mtu mzima jambo hili ni dhahiri. Kwa mtoto wa miaka 4 si dhahiri hata kidogo. Kwake yeye «samaki» ni yule mnyama wa majini mwenye mapezi, wala si sauti tatu zilizofuatana.

Michezo ya watoto hufundisha jambo hili bila ya kitabu. Katika miji ya pwani kuna mchezo wa siku nyingi uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzo: «kitabu» huwa «bukita», na «samaki» huwa «kisama». Watoto huucheza ili wakubwa wasiwaelewe, kumbe kwa kufanya hivyo wanaichambua lugha kama mwanaisimu anavyoichambua. Mchezo rahisi zaidi ni kupiga makofi kwa kila silabi: sa-ma-ki, makofi 3, da-ga-a, makofi 3, m-tu-mbwi, makofi 3. Hapo hutokea mambo ya kufurahisha. «Mbuzi» ana makofi 2, mbu-zi. Na «mbwa» naye ana 2, m-bwa, ingawa huandikwa kwa herufi chache. Mtoto anayegundua hilo kwa mikono yake mwenyewe amepata somo la kwanza la sayansi ya lugha.

Uwezo huu wa kusikia vipande vya neno na ujuzi wa herufi husaidiana. Utafiti mmoja uliofanywa katika mwambao wa Tanzania kwa watoto wa miaka 7 hadi 10, ambao baadhi yao walikuwa wamesoma shule na wengine hawajasoma, na ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kuzijua herufi kulihusiana na uwezo wa kuchambua sauti zaidi kuliko umri wa mtoto. Maana yake ni kwamba uwezo huu haumjii mtoto kwa kukua tu, kama meno. Hujengwa.

HESABU YA KUZIDISHA

Mwaka 1986 wataalamu Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo ya kusoma yaliyo mafupi kama kanuni ya fizikia. Walisema kwamba kusoma ni zao la vitu viwili: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha inaposemwa. Tuangalie vizuri: ni kuzidisha, si kujumlisha. Tukipima kila kimoja kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1, mtoto mwenye 1 katika kutambua maneno na 0 katika kuelewa lugha hapati nusu. Anapata 0, maana 1 mara 0 ni 0.

Kanuni hiyo inaeleza jambo ambalo kila mwalimu wa madarasa ya chini amelishuhudia. Kwa sababu ya utaratibu mzuri wa maandishi ya Kiswahili, mtoto anaweza kusoma kwa sauti kubwa na bila kosa sentensi kama hii: «Mvuvi anatengeneza wavu wake.» Darasa zima humpigia makofi. Lakini ukimwuliza, «Nani anatengeneza? Anatengeneza nini? Kwa nini?», hunyamaza. Baba yake ni mvuvi, na nyavu zimetandazwa mlangoni kwao kila siku. Ila nyumbani vitu hivyo huitwa kwa majina mengine. Macho yake yamesoma. Akili haikupata kitu. Katika nchi ambazo maandishi yao ni ya kutatanisha, kama Uingereza, watoto wengi hukwama katika herufi. Kwetu herufi ni nyepesi, na aghalabu kikwazo ni lugha yenyewe. Hapa ndipo nyumba inapoweza kufanya kazi kubwa kupita ubao.

LUGHA YA NYUMBANI SI ADUI

Wako wazazi, hasa katika mitaa ya mji wa Mwanza, ambao kwa nia njema wamekata shauri kuacha Kisukuma, Kikerewe au Kijita mbele ya watoto wao, ili watoto wasije wakachelewa katika Kiswahili au Kiingereza. Shauri hilo lafaa litazamwe upya. Mzazi anayejilazimisha kusema lugha asiyoimudu vizuri hubakiwa na maneno machache, na mengi yake ni amri: njoo, kaa, nyamaza, lete, acha. Kwa lugha yake mwenyewe angeliweza kueleza kwa nini mawingu ya mvua hutokea upande fulani wa ziwa, namna michembe ya viazi inavyokaushwa, au yule jamaa aliyekwenda kuvua akarudi na kioja. Mtoto aliyenyimwa mazungumzo hayo amenyimwa fikra, wala hakuongezewa Kiswahili.

Ushahidi wa kiafrika upo. Kuanzia mwaka 1970, huko Ile-Ife nchini Nigeria, Profesa Babs Fafunwa na wenzake waliwafundisha kundi la watoto masomo ya shule ya msingi kwa lugha yao ya Kiyoruba kwa miaka 6, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo. Watoto hao hawakubaki nyuma. Walifanya vizuri katika masomo yao, na Kiingereza chao hakikudhurika. Mtu aliyejifunza kupanga kisa, kulinganisha mambo na kueleza sababu katika lugha moja, huuhamishia ujuzi huo katika lugha ya pili; kinachobaki ni kujifunza majina mapya.

Kielelezo kizuri kiko hapahapa ziwani. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Kwa miaka mingi haikupata mchapishaji. Mwishowe yeye mwenyewe aliigeuza kuwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Utajiri wa kitabu hicho ulikusanywa kwa lugha ya nyumbani, na Kiswahili kikawa mtumbwi wa kuuvushia mpaka ng'ambo. Kila mtoto wa Ukerewe anaweza kuvushwa vivyo hivyo, mradi kuwe na kitu cha kuvusha.

FUNZO LA KISOMO CHENYE MANUFAA

Mikoa ya ziwa ina historia yake katika elimu ya kusoma. Mwaka 1967 kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ambao makao yake yalikuwa Mwanza na ambao ulihusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Mradi huo ulimalizika mwaka 1972. Wilaya ya Ukerewe nayo ilikuwa miongoni mwa wilaya 6 zilizotakiwa kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho, ili waliohitimu wasije wakasahau. Kufikia mwaka 1975 idadi ya wasiojua kusoma nchini ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39.

Siri ya vitabu vya mradi ule ilikuwa nini? Mkulima wa pamba alijifunzia herufi kwenye habari za pamba; mkulima wa migomba kwenye migomba; mvuvi kwenye samaki. Herufi zilikuwa ngeni, lakini mambo yenyewe yalikuwa yao. Kwa maneno ya kanuni ya Gough na Tunmer, upande wa kuelewa ulikuwa umekwisha kujaa, na kilichobaki ni upande wa herufi. Kanuni iliyomfaa mtu mzima yamfaa na mtoto: maandishi ya kwanza yazungumze juu ya kile anachokijua.

KAZI YA KILA SIKU NYUMBANI

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Ya kwanza ni mazungumzo ya kwenda na kurudi. Mama anayeanika dagaa anaweza kunyamaza, au anaweza kusema: «Hawa wamekauka, hawa bado. Wewe unawajuaje wabichi?» Swali linaloanza na «kwa nini» au «unajuaje» hudai jibu refu, na jibu refu ndilo linalokuza lugha. Mtoto akisema «Ndege karuka,» mkubwa aongeze: «Naam, kingoyo ameruka kwa sababu mtumbwi umemkaribia.» Amemsahihisha bila kumwaibisha.

Ya pili ni hadithi na vitendawili. Tuchukue kitendawili hiki: «Nina kundi kubwa, usiku huja nikiwasha taa, mchana hulala juani wasiamke.» Jibu ni dagaa. Ili kulipata, mtoto lazima akumbuke sentensi nzima, atenge sifa zake, aache maana ya juujuu na kutafuta ya ndani. Ndizo kazi atakazodaiwa na kifungu cha ufahamu shuleni. Bibi asiyejua kusoma, anayetega vitendawili kwa Kisukuma jioni, ni mwalimu wa ufahamu.

Ya tatu ni maandishi yaliyopo tayari. Husemwa kwamba nyumba nyingi hazina vitabu. Hata hivyo ni chache zisizo na maandishi. Kanga ya mama ina jina lake. Kuna mfuko wa unga, kalenda, kadi ya kliniki, na jina lililopakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi. Mtoto aonyeshwe kwamba alama hizo husema, na kwamba husema neno lilelile leo na kesho.

Ya nne ni kitabu cha nyumbani. Karatasi chache hukunjwa na kushonwa kwa uzi. Mtoto husimulia, kwa mfano, safari ya kwenda Mwaloni Kirumba. Kaka au dada huandika maneno yake jinsi alivyoyasema, naye huchora picha. Kisha husomewa, akifuata kwa kidole. Kama alisimulia kwa Kisukuma, ukurasa wa pili uandikwe Kiswahili. Hicho ndicho kitabu ambacho hatakosa kukielewa.

Je, redio, televisheni na simu haziwezi kufanya kazi hii? Kuhl na wenzake walijaribu. Katika utafiti wao wa mwaka 2003, watoto wa Kimarekani wa miezi 9 walikaa vikao 12 na wasemaji wa Kichina waliocheza nao, wakajifunza kutambua sauti za lugha hiyo. Watoto wengine walionyeshwa wasemaji walewale katika televisheni, hawakujifunza. Mtoto mchanga hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama na kumjibu.

Lipo na jambo la afya. Mtoto ambaye sikio lake hutoa usaha, au asiyegeuka anapoitwa, apelekwe zahanati mapema. Sikio lililoziba kwa miezi mingi hupoteza maneno mengi.

JARIBIO LA WANAFUNZI

Mwanafunzi wa sekondari aweza kulifanya jaribio hili likizoni kwa mdogo wake wa miaka 5 au 6. Katika juma la kwanza, mpe maneno 10 ayapigie makofi, na uandike mangapi amepata. Mtajie jozi 5 kama kalamu na karamu, aseme kama ni maneno sawa au tofauti. Msimulie kisa kifupi cha sentensi 6, kisha umwulize maswali 3. Kwa majuma 4 cheza naye kwa dakika 15 kila siku kwa namna zilizoelezwa juu. Halafu rudia vipimo vilevile kwa maneno na kisa kingine chenye ugumu ulio sawa, na uchore jedwali la matokeo. Darasa likikusanya majedwali yote pamoja, litakuwa na mambo mengi ya kujadili: je, mabadiliko yametokana na michezo, au na mazoea ya kupimwa? Tungewezaje kujua? Mtoto asiambiwe kamwe kwamba ameshindwa. Kinachopimwa ni njia, si yeye.

Wanafunzi wa sekondari wa kando ya ziwa wana nafasi ambayo wengi hawaifikirii. Wao huimudu lugha ya bibi, huimudu lugha ya shule, na bado hukaa mkeka mmoja na watoto wadogo. Hawahitaji kungoja cheti cha ualimu. Dakika 15 kila jioni, kwa kitendawili, kwa kofi na kwa karatasi iliyoshonwa kwa uzi, zaweza kumfikisha mtoto darasani akiwa na kitu cha kusomea; na mwalimu wake akimwuliza, «Nani anatengeneza wavu?», atakuwa na jibu.